Naipeleka Fimbo Tu

Hapo zamani, katika mji wa Ndongoni, ungeweza kumtambua mtu aliyeagiza viatu kwa Shekuwe kwa kumtazama miguu tu. Mguu mmoja umevaa kubadhi jipya la ngozi, lenye nakshi za kijani na nyekundu, limeshonwa likashoneka. Mguu wa pili mtupu. Shekuwe alikuwa fundi hasa, hilo hakuna aliyelibisha. Ila kila alipomaliza kubadhi la kwanza hamu yote ilikuwa imemwisha, na la pili lilingoja mpaka mteja achoke kulidai.

Na si viatu peke yake. Alianza kujifunza zumari, akaacha alipojua kupuliza. Alianza kuchimba kisima nyuma ya nyumba, akaacha maji hayajaonekana, na kuku wakakifanya chumba chao cha kulala. Alianza kufuga nyuki, akaacha siku ileile, na kwa hilo mimi simlaumu. Watu wa Ndongoni, ambao kwa utani hawajambo, wakamwita Bwana Moja. Walimwita hivyo mwaka nenda mwaka rudi, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika.

Yeye alicheka nao. Lakini siku moja akaja mgeni, akasimama sokoni na kuuliza nyumba ya Shekuwe. Watu wakatazamana. Wakamwambia hapa hatuna Shekuwe, labda kaulize mji wa pili. Na Shekuwe mwenyewe alikuwa palepale, ameshika fungu la mchicha, na hata yeye alichelewa kuitika. Aliporudi nyumbani akamsimulia mkewe, Barke. Alianza kwa kucheka, na katikati ya kucheka akaacha. Iliuma, jamani. Barke akampokea mchicha na kumketisha.

Sasa, katika mji ule palikuwa na mahali pamoja ambapo mtu angeweza kurudishiwa jina lake, napo ni uwanja wa kirumbizi. Kirumbizi ni mchezo wa fimbo. Wawili huingia katikati, ngoma inalia, zumari inalia, kila mmoja anarusha pigo na kukinga pigo, na anayeigusa kofia ya mwenzake kwa ncha ya fimbo ndiye mshindi. Mwalimu wa mchezo huo alikuwa Fundi Shali, mtu mfupi, mkali, mpenda ugoro, ambaye kila akitaka kusema jambo kubwa alipiga chafya kwanza.

Kila msimu, mvua za masika zikikatika, mazoezi yalianza, na yaliendelea kila siku baada ya sala ya alasiri, isipokuwa Ijumaa, mpaka mtama uvunwe. Siku ya mwisho Fundi Shali alimfunga mtu mmoja kilemba chekundu mbele ya mji mzima. Akishamfunga, alilitamka jina lake kamili kwa sauti, lake na la baba yake. Kuanzia hapo ole wake atakayemwita jina la utani, kwa maana atawapikia pilau wachezaji wote.

Kilemba hakikupewa anayepiga vizuri zaidi. Kilipewa anayedumu. Na ili watu wadumu, Fundi Shali alikuwa na desturi yake ambayo sijaisikia mji mwingine. Aliwagawa wachezaji wawiliwawili. Jioni mchezo ukiisha, wenza walibadilishana fimbo. Fimbo yako inalala kwa mwenzako, ya mwenzako inalala kwako. Kesho usipokuja, mwenzako hana cha kuchezea. Na wewe usiyekuja huambiwi kitu. Anayepata adhabu ni yeye aliyekuja: anakaa kando ya ngoma kulinda viatu vya wenzake mpaka jua lizame, na watoto wanamkonyeza.

Watu walimwambia Fundi kwamba hiyo ni dhuluma. Fundi alipiga chafya, akasema mtu huizoea aibu yake mwenyewe upesi sana, ila ya rafiki yake haizoei. Kilemba kilikuwa cha yule ambaye, kwa juhudi yake, fimbo aliyokabidhiwa haikukosa uwanjani hata siku moja, na fimbo moja ikikosa, jozi nzima imetoka. Wakiwa zaidi ya mmoja, Fundi alitazama nani amestahili kuliko mwenziwe.

Mwaka ule Shekuwe alikwenda kujiandikisha. Uwanja mzima ulikohoa. Fundi alimtazama kuanzia utosini hadi miguuni, kisha akamfungamanisha na Famau.

Famau! Hapo watu hawakukohoa tena, walicheka waziwazi. Huyu Famau ndiye aliyekuwa mpiga fimbo bora Ndongoni, kijana mrefu, mkono mwepesi, macho hayakwepeki. Lakini kilemba hakuwahi kukivaa. Mtu mwenye kipaji kama kile aliona mazoezi ni ya wasiojua, basi alikuja akitaka na asipotaka alilala. Alikitamani kilemba, tena sana, ila alidhani kitamfuata kwake nyumbani. Alipoambiwa mwenza wake ni Bwana Moja, uso ulimshuka. Alimkabidhi Shekuwe fimbo yake nzuri yenye pete ya shaba kama anayemkabidhi mtoto sahani ya kioo.

Siku za mwanzo zilikuwa sherehe. Shekuwe alitangulia uwanjani kabla hata ya wapiga ngoma. Alipigwa, akacheka, akapigwa tena. Barke alimsikia akiimba akirudi, akaenda kuchungulia dirishani kuhakikisha ni yeye.

Kisha siku ikafika. Mnaijua siku ile, kila aliyeanza jambo anaijua. Shekuwe alijilaza baada ya chakula, mabega yanamuuma, vidole vimevimba, na ile hamu aliyokuwa nayo akaitafuta asiione. Akajisemea leo nipumzike, kesho nitafidia. Alikuwa ameshasema hivyo kwa zumari, kwa kisima na kwa kila kubadhi la pili. Akageukia ukutani. Na pale ukutani ilikuwa imeegemea fimbo ya Famau.

Akilini akamwona Famau, yule Famau mwenye maringo, ameketi kando ya ngoma analinda viatu. Kwanza akacheka peke yake. Kisha hakucheka. Akaamka shingo upande na kuichukua fimbo.

Barke alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Akamuuliza, "Unakwenda kucheza, mume wangu?"

"Sichezi leo. Naipeleka fimbo tu."

"Haya, ipeleke."

Na kweli nia yake ilikuwa kuipeleka tu na kurudi. Alifika, akamkabidhi Famau fimbo yake, naye akarudishiwa ya kwake. Sasa fimbo anayo mkononi, ngoma inalia, mwenza wake amesimama mbele yake. Ungefanya nini? Alicheza. Alipigwa kofia ikaruka mpaka kwenye zumari. Akarudi nyumbani anaimba.

Siku ya pili yake hamu haikuwapo vilevile. Barke akauliza, unakwenda kucheza? Akajibu sichezi, naipeleka fimbo tu. Akaenda, akacheza. Siku iliyofuata, unakwenda kucheza? Sichezi, naipeleka fimbo tu. Akaenda, akacheza. Majirani wakaujua ule wimbo, wakawa wanamuuliza kwa zamu barabarani, na yeye anawajibu kwa uso mkavu, na nyuma yake wanacheka mpaka wanashika ukuta. Hakuna siku aliyokwenda kucheza. Kila siku alikwenda kupeleka fimbo.

Tena kulikuwa na jambo la asubuhi. Shekuwe alichoka kupigwa kwa pigo lilelile la kushoto, akamwomba Barke amsaidie uani. Barke akakamata mwiko mkubwa wa kupikia ubwabwa wa harusi. Shekuwe arushe, Barke akinge. Barke arushe, Shekuwe akinge. Mwanzoni alifanya kwa kumhurumia. Baadaye yeye ndiye aliyemwamsha mumewe, kiamshakinywa kikichelewa kwa sababu mwiko una kazi nyingine. Shekuwe alipata manundu mawili kichwani msimu ule ambayo hayakutoka kwa Famau, na hakumwambia mtu.

Basi wenza wengine wakaanza kukosa. Huyu mgeni kamfikia, yule usingizi umempitia, huyu kagombana na mkewe. Jozi baada ya jozi, viatu vikapata walinzi. Fimbo ya Famau haikukosa, na ya Shekuwe haikukosa, kwa kuwa Famau naye aliona haya kushindwa kudumu na Bwana Moja. Watu wakaacha kukohoa, wakaanza kuhesabu.

Katikati ya msimu ukaja mtihani wa Famau. Mji wa jirani walikuwa na harusi kubwa, wakamwalika yeye aongoze kirumbizi mbele ya wageni wa kila upande. Heshima ya namna ile huja mara moja. Lakini harusi iliangukia siku ya mazoezi. Famau alivaa kanzu nyeupe, akaichukua fimbo ya Shekuwe aliyolala nayo, akashika njia. Moyoni alisema Bwana Moja alinde viatu leo, yeye amezoea kuchekwa.

Alipofika nusu ya njia alikaa kupumzika, fimbo juu ya magoti. Hakuwahi kuitazama ile fimbo kwa utulivu. Ilikuwa imepigwa upande huu na upande huu, imebonyea, imechubuka, haina mahali pazima pa kuweka kidole. Na mapigo yote yale ni yake yeye Famau. Akakumbuka mtu anayekuja kila jioni kupigwa, na kesho yake anakuja tena. Aibu ikamshika pale njiani, hakuna hata anayemwona. Akasimama, akageuka, akakunja kanzu akakimbia.

Ndongoni, Shekuwe alikuwa amekaa kando ya ngoma analinda viatu. Watoto wamemkonyeza mpaka wamechoka. Alikuwa ameshakubali kwamba mwaka huu nao umekwisha kama ile mingine, na safari hii hata si kosa lake. Wapiga ngoma walikuwa wanabeba ngoma zao kichwani Famau alipotokea, kanzu imekuwa rangi ya njia, pumzi juujuu. Alimnyooshea Shekuwe fimbo yake. Fundi Shali alitazama jua, likiwa bado na ukucha mmoja juu ya paa, akapiga chafya, akasema fimbo imefika. Ngoma zikashushwa. Walicheza mchezo mmoja, na Shekuwe kwa mara ya kwanza aliigusa kofia ya Famau. Wengine wanasema Famau alikuwa amechoka. Wengine wanasema ni ule mwiko. Wale wa mji wa jirani hawakumwalika Famau tena.

Mtihani wa Shekuwe ulikuja mtama ukiwa umeshaanza kuinama. Homa ilimkamata alfajiri, homa ya kutetemesha kitanda. Adhuhuri hakujua Barke na ukuta ni yupi. Lakini alasiri ilipoadhiniwa alifumbua macho, akaitafuta fimbo ya Famau, akajiburura mpaka kizingitini, na hapo magoti yakakataa. Barke alimrudisha kitandani. Naye akamwambia mkewe, meno yakigongana, "Ipeleke fimbo. Ipeleke fimbo tu."

Barke alimwita mama mkwe wake aje akae na mgonjwa. Akajifunga leso moja kiunoni na nyingine kichwani, akatoka na fimbo yenye pete ya shaba. Majirani wakamuuliza kwa mazoea, unakwenda kucheza? Akajibu kwa uso mkavu kama wa mumewe kwamba anaipeleka fimbo tu.

Uwanjani alimkabidhi Famau fimbo yake, na Famau akabaki na fimbo mbili hana mtu wa kucheza naye. Alikuwa anakwenda kukaa penye viatu, ndipo Barke aliponyoosha mkono akaidai ya mumewe. Palizuka minong'ono. Wazee wawili walisema hili halijapata kuonekana. Fundi Shali akawajibu kwamba uwanja wake huuliza fimbo iko wapi, hauulizi imeshikwa na nani. Akawaashiria wapiga ngoma.

Famau alirusha lile pigo lake la kushoto, kwa adabu, taratibu, kama anayemfukuzia mtu nzi. Barke alilikinga. Akarusha la pili bila adabu, likakingwa. La tatu Famau hakuliona limetoka wapi, aliona kofia yake tu ikizunguka mchangani. Vigelegele vilivyopigwa vilimfikia Shekuwe kitandani, akadhani ni harusi, akalala. Famau aliokota kofia, akacheka kuliko watu wote, akamwomba warudie.

Homa ikapoa, mtama ukavunwa, siku ya mwisho ikafika. Mji mzima ulikuja, wenye kubadhi moja na wenye makubadhi mawili. Jozi zote zilikuwa zimekosa isipokuwa ile moja. Fundi Shali alitoka na kilemba chekundu juu ya mikono miwili. Shekuwe alikitazama bila kupepesa. Hakutaka kitu kingine duniani siku ile. Alitaka asikie jina lake likitamkwa, Shekuwe bin Bwanarehema, na watu walisikie, na mgeni yeyote akija aonyeshwe nyumba.

Fundi akasema anayekidai ajitokeze aseme.

Famau alijitokeza. "Fundi, tangu msimu uanze miguu yangu haijakosa hapa siku hata moja. Mwenzangu alikosa siku ya homa. Si kosa lake, lakini alikosa. Mimi niliiacha heshima nusu ya njia, na hairudi tena. Yeye alipoushinda uvivu wake alikuwa nyumbani kwake hana anapoitwa. Mimi niliitwa kwenye raha, nikaikimbia."

Shekuwe akajitokeza. "Fundi, Famau anapenda kirumbizi tangu azaliwe. Mnampongeza mtu kwa kula anachokipenda? Mimi sikutaka kuja. Kila siku sikutaka, na kila siku nilikuja. Yeye alishindana na nafsi yake alasiri moja, mimi nilishindana na yangu msimu mzima. Na siku ile ya homa sikuisahau fimbo yake hata nilipomsahau mke wangu. Yeye akiwa mzima, ana nguvu, aliniacha hapa nalinda viatu, jua likabaki ukucha."

Watu wakapiga makofi. Famau mwenyewe alitikisa kichwa kukubali. Shekuwe akaona kilemba kimemkaribia.

Ndipo Barke alipojitokeza upande wa wanawake, akasimama kati yao. "Fundi, wewe ulisema uwanja huu huuliza fimbo iko wapi. Siku ya homa fimbo ya Famau ilikuwa wapi? Ilikuwa mkononi mwangu. Nisingeileta, hawa wawili leo wasingekuwa na la kusema, wangekuwa wanatazama wengine. Wao mliwagawia wenza, wakabanwa na desturi. Mimi hakuna aliyenigawia mtu. Ningekosa, hakuna mwenza wangu ambaye angelinda viatu. Na kila asubuhi nilikuwa uani na mwiko. Basi mimi nilishikwa na nini, kama si moyo wangu?"

Shekuwe alimtazama mkewe. Alikitaka kilemba kuliko alivyokitaka asubuhi, na hapohapo akajua kwamba mkewe amesema kweli. Akamtazama Famau, naye alikuwa anajikuna chini ya kofia. Barke kwa upande wake alimtazama mumewe, machozi yakamlengalenga, kwa sababu alikumbuka siku ya mchicha, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja.

Watu wakagawanyika. Wachezaji walimpigia Famau kelele, wanawake wakampigia Barke vigelegele, na wale wote waliowahi kuanza jambo wakaliacha, nao walikuwa wengi, wakamwita Shekuwe kwa jina lake ili kumtia moyo. Kila kundi lilikuwa na haki na kila kundi lilikuwa na ngoma yake. Mtu mmoja akashauri kilemba kikatwe vipande, Fundi akamtazama mpaka akakaa chini.

Fundi Shali alikunjua kile kitambaa chekundu. Wale watatu wakainama mbele yake, bega kwa bega, wanacheka. Fundi akapiga chafya. Ngoma zikanyamaza, akainua mikono, na mikono ikabaki juu, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika uzee wake hakujua pa kuishusha.

Nami naiacha palepale juu, muishushe nyinyi. Yuko aliyeikimbia raha, yuko aliyekuja kila siku asipende, na yuko aliyekuja bila kushikwa na mtu. Kilemba ni kimoja, na mmoja wao akifungwa, wawili watarudi nyumbani kichwa wazi, na mmoja wa hao huenda akaitwa Bwana Moja mpaka kufa kwake. Je, ingekuwa wewe ndiye Fundi, ungemfunga nani?